Kikombe cha Siki Kongwe

Mama mkwe wangu yu hai, mzima wa afya, meno yake yote anayo, na mimi simpendi. Nalisema mapema ili msomaji asije akangoja nimsamehe mwishoni.

Niliolewa Mji Mkongwe nikitokea Mpendae, binti wa baba aliyehamia kutoka bara, na mimi mwenyewe mwalimu wa kemia wa sekondari. Yote mawili yalimuudhi. Ubara ulimuudhi kwa kuwa aliamini hatukulelewa kwenye usafi. Kemia ilimuudhi kwa kuwa mambo ya uchachu aliyajua kabla sijazaliwa, na hakuhitaji ubao wala chaki. Hapo, kusema haki, hakukosea. Masufuria ya shaba aliyasugua kwa ukwaju mpaka yakang'aa. Mbirimbi alizitia kwenye mchuzi wa papa. Ndimu ya unga aliitia katika urojo kwa ncha ya kijiko tu, maana ikizidi meno yanakufa ganzi. Siku moja nilimweleza kwamba uchachu wote huo ni wa ukoo mmoja wa asidi: wa ukwaju, wa ndimu, wa maziwa yaliyoganda, hata ule unaowasha pale majimoto, wale chungu wekundu wa mitini, wanapomuuma mchuma karafuu. Akanitazama tangu utosini hadi nyayoni.

"Mimi sili majimoto," akasema.

Siki yake ndiyo iliyokuwa na jina mtaani. Mgema mmoja wa Kidichi alimletea tembo la mnazi ndani ya dumu, dumu ndani ya kikapu, na juu yake majani ya mgomba, kwani nyumba ya watu wanaoswali haitaki kuonekana ikipokea tembo. Likamiminwa mtungini, likafunikwa kitambaa chepesi ili hewa ipite, likaachwa. Mwanzoni lilikuwa ulevi mtupu. Kisha vijidudu vya hewani vikaanza kuugeuza ulevi kuwa asidi, harufu ya pombe ikafifia, ikaja ile inayopanda puani na kutoa machozi. Kazi hiyo ilichukua wiki nyingi, na sharti lake lilikuwa moja: tembo ligeuke lenyewe. Mtungi unaweza kuutoa kivulini ukauweka juani, lakini usitie kitu ndani. Ukitia, hata chembe ya chumvi, kitu hicho kinanajisika kwa tembo, na tembo likishakuwa siki, kinairudishia najisi yake. Hivyo ndivyo alivyosomeshwa chuoni utotoni, na ndivyo walivyosomeshwa wanawake wote wa mtaa ule. Na mimi pia nilisomeshwa. Sikusahau. Niliona ni jambo dogo.

Kwa miaka saba katika nyumba ile niliosha sahani. Wageni wakija, chakula walipika yeye na binti zake. Mimi nilipewa masufuria yaliyoungua. Halafu wifi yangu mdogo akaposwa, shughuli zikawa nyingi, na mama mkwe akaniita mbele ya watu.

"Achari ya harusi nakwachia wewe. Na mtungi huo wa siki uutazame. Haya, tuone."

Nilijua maana yake. Ikifaulu, ningeingia jikoni kama watu wengine wa nyumba. Ikiharibika, basi tena.

Masika yalikuwa yameanza. Hewa ilipoa, jua likawa la kubahatisha, na tembo likabaki tembo. Kila nikifunua kitambaa nilikutana na harufu ya ulevi. Harusi ilikaribia, maembe mabichi yalishafika, nami nilijua dawa: unachukua siki kongwe, ambayo ina vijidudu vyake, unaitia, inaanzisha kazi kama maziwa mgando yanavyoanzisha maziwa mapya. Nikachota kikombe kimoja kwenye chupa ya mama mkwe ya mwaka uliopita, nikamimina mtungini.

Baada ya wiki mbili siki ilikuwa kali na safi. Mama mkwe alichovya kidole, akaonja, nyusi zikapanda. Wanawake sita walikuwa uani wakimenya vitunguu thaumu.

"Imewahi hii. Umefanyaje?"

Ningenyamaza, nisingekuwa na hadithi. Lakini mwalimu akiulizwa swali hawezi kunyamaza, na nilikuwa na hamu ya kusifiwa, miaka saba ya hamu. Nikaeleza kila kitu, kikombe na vijidudu vyake.

Visu vikasimama.

"Umetia kitu kwenye tembo," alisema polepole. "Nshakwambia mara ngapi? Ulikuwa unatulisha najisi harusini kwetu?"

"Mama, ni siki juu ya siki. Asidi ni ileile."

"Sikukuuliza asidi!"

Aliuinamisha mtungi mwenyewe. Siki ilitapakaa juu ya sakafu ya uani, sakafu kuukuu ya chokaa, na papo hapo ikaanza kutoa povu. Wanawake wakakusanya kanga zao na kurudi nyuma, mmoja akasema astaghfirullah. Wao waliona uchafu unatokota. Mimi niliona asidi inakula chokaa. Ilikuwa siki iliyoiva barabara, bora kuliko zote nilizowahi kuziona katika nyumba ile. Nilitaka kumtukana. Badala yake nikachukua ufagio.

Siku ya harusi achari ilikuwepo, si ya mkono wangu, na wageni waliisifu: siki ya bibi huyu haina mfano. Nikaonja. Ilichoma pua bila harufu yoyote ya mnazi. Ilikuwa siki ya chupa, ya madukani Darajani, maji na asidi ya kiwandani.

"Hii ya dukani," nikasema kwa sauti.

Mama mkwe aliipokea sifa ile huku akitabasamu, na hakukanusha kitu. Jirani mmoja ndiye aliyenijibu, akijipakulia tena.

"Hata ikiwa ya dukani, bibi, si twahara?"

Wakacheka. Alisema kweli, na ndiyo maana nawachukia.

Nilidhani itaishia hapo. Baada ya wiki moja nilipika wali kwa samaki wa kukaanga, nikamkamulia ndimu binti yangu wa miaka sita, nikamwekea mbele yake. Akaitazama sahani, akaisukuma taratibu kwa vidole viwili.

"Sitaki, Mama."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Bibi kasema nsile kitu umetia mkono."

Nikaivuta sahani ile, nikakaa mkabala naye, nikala yote mpaka punje ya mwisho, naye akinitazama kama anayengoja nianguke.