Jinsi Tulivyowafundisha Wakubwa Kuondoka Ofisini

Siku yangu ya kwanza kazini Juba niliingia darasani nikiwa na chaki mbili na hasira kidogo. Ilikuwa miezi michache tangu bendera yetu ipandishwe. Nilikuwa nimerudi kutoka Uganda, nilikofundisha miaka mingi ya uhamishoni, na shirika moja lenye ofisi mtaa wa Thongpiny lilikuwa limeniajiri kuwa mkufunzi wa uongozi. Hasira ilitokana na watu watatu walioniambia njiani kwamba mameneja wa Juba ni wavivu. Mimi sipokei neno lisilo na shahidi. Basi nikawauliza wenyewe, kumi na wawili walioketi mbele yangu: "Ni lini mara ya mwisho mlikosa kazini?"

Wakacheka. Bwana Lado, mkuu wa shughuli wa kampuni ya matishari, vile vyombo vipana vinavyobeba shehena kwa mto kuelekea kaskazini, aliinua mkono. "Mimi, Ustaz, hata malaria haikuniondoa ofisini. Dripu ilitundikwa dirishani, muhuri mkononi."

Darasa likamshangilia. Nikaliandika jibu lake ubaoni bila kulisifu.

Wiki hiyo nilifanya tathmini ya mahitaji, yaani kwenda kuona kazi ilivyo kabla ya kuamua cha kufundisha. Nilishinda bandarini wakati Lado yuko darasani na mkufunzi mwenzangu. Malori sita yalisimama hadi alasiri yakingoja muhuri uliokuwa mfukoni mwake. Msaidizi wake, Bi Keji, mwanamke wa makamo aliyelijua kila gunia ghalani, aliketi juu ya pipa akijipepea kwa karatasi.

"Tunamngoja mkubwa," aliniambia. "Kungoja ndiyo kazi niliyoajiriwa kuifanya, Ustaz. Naijua vizuri."

Kutokana na siku hiyo nilitunga zoezi tuliloliita siku ya kutokuwepo. Kila kiongozi angemkabidhi msaidizi wake muhuri, funguo na simu, kisha ashinde kwetu Thongpiny. Jioni wote wangeketi kwa mrejesho, yaani kuambiana yaliyoonekana bila kutukanana. Somo lenyewe huitwa kukasimu madaraka: kumpa mtu kazi pamoja na haki ya kuiamua.

Mkurugenzi wetu wa Mafunzo, mtu mpole wa Nairobi, alishtuka. "Mzee, utawaachisha watu kazi kwa ajili ya somo!"

"Nitawaonyesha yale ambayo hawajawafundisha wasaidizi wao."

Akakuna kidevu, akatia saini.

Lado alipinga waziwazi tulipowaita na wasaidizi waje kusikia maelezo. "Ustaz, kiti cha Juba hakiachwi. Ukienda chooni tu, ukirudi kina mwenyewe."

"Basi nenda nacho, Bwana Lado," Keji alisema kutoka nyuma. "Sisi tumezoea kusimama."

Siku ya zoezi, Keji alikosea. Mapipa ya mafuta yalipangwa upande mmoja, tishari likainama, ikabidi lipakuliwe na kupakiwa upya. Lado aliingia kwenye mrejesho uso unang'aa. "Nilisema! Sikusema?"

"Ulisema. Na nani alimwonyesha kupanga mzigo?"

"Hakuna," alisema Lado.

Kesho yake nilikwenda bandarini kuona kwa macho yangu, na niliyoyaona yalinifanya nitembee kwa haraka kama mvulana. Lado alikuwa amepiga magoti juu ya sitaha, akichora kwa chaki: vizito chini na katikati, magunia pande zote mbili sawa, abiria mbali na ukingo. Jasho lilimtiririka. "Uliza, Keji! Uliza tena!" Tangu hapo kampuni ile ilifanya siku ya kutokuwepo kila mwezi, na muhuri ukahamia kwenye droo ya bandarini.

Kisha, Desemba ya mwaka wa tatu wa uhuru wetu, vita vikazuka mjini. Milio ilipopungua, daraja lilikuwa bado halivukiki, na Lado alikuwa nyumbani kwake Gumbo, ng'ambo ya mto. Simu yake haikupatikana. Tishari la kampuni lilikuwa likipakia unga wa kupelekewa waliokimbilia kaskazini, na umati wa watu wenye hofu ulitaka kulipanda. Mfanyakazi mmoja alinipigia: Bwana Lado ameuawa darajani, wapagazi wanatawanyika.

"Umeona?"

"Nimesikia."

Nikavaa kofia, nikaenda kwa miguu hadi bandarini.

Keji alikuwa juu ya sitaha, sauti imemkauka. "Ustaz, wanasema Bwana Lado amekufa."

"Nani ameuona mwili?"

"Hakuna hata mmoja. Ndiyo maana nimeandika kwenye daftari la zamu: Bwana Lado yuko Gumbo. Wapagazi nao nimewasomea, wamerudi." Akageuka. "Jamani, mapipa yashuke! Watoto katikati!"

Mfanyabiashara mwenye shehena ya bia alimjia juu. "Wewe mama ni nani? Niitie mkubwa!"

"Mkubwa ni mimi. Bia yako inabaki, mzee wangu. Keti nayo, isiibiwe."

Watu walicheka, hata katika hofu ile. Nahodha aliikagua hati ya safari yenye muhuri, akamtazama Keji, akawasha injini. Tishari likaondoka limekaa sawa juu ya maji, akina mama na watoto kati ya magunia. Nilisimama gatini nikipunga kofia, mtu mzima mimi, mpaka likapotea.

Lado alivuka siku chache baadaye, ndevu zimeota, kandambili miguuni. Alisoma daftari, kidole kikasimama juu ya jina lake kwa muda. Keji akamnyooshea muhuri.

"Uache drooni," alisema. "Niambie zamu yangu ni ipi."

Muda wangu wa kustaafu ulipofika, Mkurugenzi aliuliza nani atashika darasa langu. Sikuwa na jina la kumpa. Vijana mnaosoma haya, kosa hilo nalikiri kwa sababu nililishuhudia mwenyewe. Niliomba miezi mitatu, nikamwazima Keji kutoka bandarini, nikamfundisha yote niliyokuwa nimeyaweka kichwani tu.

Siku ya darasa lake la kwanza nilikaa pembeni nimekunja mikono. Alisalimu, akafungua daftari, akanigeukia.

"Ustaz, shukran. Sasa utupishe."

Nikatoka. Nilipokuwa uani, darasa zima liliangua kicheko. Nilitamani mno kujua wanacheka nini. Nikaendelea kutembea.