Mtoto wa Tano wa Baba Yangu

Siku ya arobaini ya baba yangu hunirudia, mwanangu unayesoma, kila nikisikia mtu anapuliza kipaza sauti kukijaribu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na siku ile nilifanya jambo ambalo mjukuu wangu Nasra, anayeniandikia kumbukumbu hizi kwenye simu yake, anataka tuliruke. "Bibi, watu watasoma," ananiambia. Nami nataka wasome.

Sisi ni watu wa asili ya Kiarabu, tuliozaliwa Temeke na kukulia nyuma ya duka. Baba alitupata wanne kwa mama yetu, mimi nikiwa wa kwanza. Lakini kabla ya kumwoa mama alikuwa amezaa na mwanamke wa Kingoni, Mkristo. Huyo mtoto ndiye kaka yetu Agustino, fundi seremala wa Keko. Alikuwa mweusi, mpole, na paji la uso la baba kabisa. Baba hakumficha. Jumamosi akifunga duka alinishika mkono tukaenda karakana, nikachezea maranda ya mbao sakafuni, na Agustino akaninunulia mihogo ya kukaanga. Zile Jumamosi nazitamani mpaka leo.

Baba alipofariki, baba mdogo akashika mambo ya nyumba. Alitaka kwenye khitma ya arobaini isomwe historia fupi ya marehemu, mtindo ambao majirani walikuwa wameanza kuupenda. Kwa kuwa nilikuwa na mwandiko mzuri, kazi nikapewa mimi. Nikaandika watoto watano. Baba mdogo akaisoma karatasi, akanirudishia.

"Andika wanne," akasema. "Wale watu wa posa yako watakuwepo, na wanaangalia nasaba wale. Unataka wasikie una kaka wa kanisani? Na rangi yake ile?"

Yule kijana aliyetaka kunioa nilimpenda, sikufichi. Nikachukua karatasi nyingine.

Siku yenyewe Agustino alifika asubuhi na mabenchi aliyoyapiga randa mwenyewe, akayapanga, kisha akaenda uani kusaidia wapishi kupakua pilau. Kipaza sauti kikasema marehemu ameacha watoto wanne, majina yetu yakatajwa. Nilikuwa nimesimama mlango wa uani, namwona. Mkono wake uliendelea kupakua mpaka sahani ikafurika. Akapunguza wali, akafuta ukingo wa sahani kwa kitambaa, akampa mgeni.

Watu walipoanza kutawanyika, mama wa kijana, Bi Rahma, akaniita pembeni.

"Yule fundi Agustino ni nani wenu?"

Baba mdogo alikuwa amesimama karibu, anasikia. Nikajibu, "Ni fundi wetu tu, mama."

Akaniambia, "Kabati langu kanitengenezea yeye. Kila akija nyumbani hana hadithi ila ya mdogo wake Salma, kasoma, ana heshima. Sie tulikuja kwa sifa hizo. Kama umemkana kaka yako na kaburi la baba yenu bado bichi, mwanangu mie utamkana lini?"

Posa haikuja. Nililia sana, na nakiri nilikuwa namlilia kijana. Ilichukua miaka mitatu kabla sijamlilia Agustino, ndipo nikaenda Keko kumwomba radhi. Akanipangusia kigoda vumbi, akaagiza mihogo, tukala. Lakini tangu ile arobaini hakuingia tena ndani ya nyumba yetu. Kila Idi alikuja, akaishia barazani, akanywa chai yake na kuaga.

Mwaka jana tulimzika, kule Kibamba. Nilikaa kanisani benchi la nyuma na buibui langu, na binti yake aliposimama kusoma historia ya marehemu, nilitamani kutoka nje. Najua historia hizo huandikwaje. Akasoma: ameacha mke, watoto watatu, na wadogo zake wanne, akatutaja mmoja mmoja, Salma wa kwanza. Baadaye akanionyesha karatasi. Agustino alikuwa ameiandika kwa mkono wake, akiwa kitandani.

Mwanangu, dini yako ishike. Mimi nimeswali na kufunga miaka yote hii, na sala yangu haikupungua kitu kwa kuwa na kaka anayekwenda kanisani. Ilipungua siku nilipomkana. Siku utakapoandika habari za watu wako, atakuja mtu, pengine mkubwa wako unayemheshimu, akwambie fulani mtoe, rangi yake haifai, imani yake itatutia aibu. Mwamkie vizuri, umkatalie. Na kama ulishamtoa, mrudishe, hata ukiwa na mvi kama mimi, hata ukiona haya.

Mungu akujaalie ndugu wanaokutaja, na wewe akupe ulimi usioona uzito kuwataja.

Haya Nasra, usiruke. Andika watano.