Dakika Kumi za Kusoma Maswali

Msimamizi wa mitihani pale chuoni Suva, Fiji, huvua ndara mlangoni, akatembea pekupeku kati ya madawati, sulu yake, ile shuka ya kiunoni ya Kifiji, imenyooshwa pasi. Katika dakika kumi za kusoma maswali, kalamu zikiwa bado zimelazwa, huwatafuta waliofumba macho huku midomo ikiwacheza. Leo alisimama kando ya Mereoni, aliyekaa wima kama aliyetwikwa ndoo iliyojaa pomoni. Aligonga karatasi kwa kidole.

"Soma swali, mwanangu," alisema, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi mezani.

"Nikisoma, baba, yote yatamwagika."

"Sasa utajuaje kama ndiyo waliyouliza?"

Mereoni akafumbua macho. Tangu jana asubuhi alikuwa amekariri sura sita. Swali lilitoka sura ya saba.