Mashine Isiyokumbuka

Mtaa mzima ulimwita Mama Skana, hata wale ambao hawajawahi kuskani kitu maishani mwao. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa uzi, na kwa miaka kumi na mmoja alikuwa amesimama nyuma ya kaunta ileile ya duka la kuchapa na kutoa kopi: kompyuta tatu za wateja, skana moja, printa mbili zinazopokezana kuugua, na mashine ya kufunika vyeti kwa plastiki ambayo ikipata moto inanuka kama pasi iliyosahauliwa. Ukitaka kumjua, usimwulize habari zake. Mwonyeshe karatasi yako, atakuambia ilipokosewa kabla hujaketi.

Zamani kompyuta hizo zilikumbuka kila kitu, na nikisema kila kitu sitii chumvi. Ukiwasha namba tatu ulikuta kioo kimejaa mafaili mpaka picha ya nyuma haionekani: CV MPYA, CV MPYA KABISA, BARUA YA MWISHO, BARUA YA MWISHO YA KWELI. Ombi la talaka limelala ubavuni mwa mwaliko wa harusi. Watu waliacha siri zao hapo kama wanavyosahau miavuli, kisha wakashangaa kuziona kwa majirani.

Hivyo ndivyo alivyoumbuka mwalimu wa hesabu. Alileta majibu yake ya maabara, Mama Skana akayaskani, akayatuma, akasahau kuyafuta. Mteja aliyefuata alikuwa anatafuta CV yake. Akafungua faili lisilo lake, akalipiga picha kwa simu, na kabla jua halijazama kila baraza lilikuwa linajadili damu ya mwalimu. Mwalimu hakugombana na mtu. Alikuja siku moja tu, akasimama mlangoni, akasema, "Nilikuachia wewe, mama. Sikuuachia mtaa." Akaondoka, na hakukanyaga tena pale.

Mama Skana alikondeana kwa aibu. Ndipo shemeji yake, mdogo wa mume wake, fundi wa kompyuta ambaye mdomo wake hauna breki, akaja na flashi tatu mfukoni.

"Hii ni programu huria, shemeji," alisema. "Ya bure, na siyo ya wizi. Walioiandika wameiacha wazi, mjuzi yeyote aingie akague kama kuna mtu anachungulia humo. Unawasha kompyuta kwa hii flashi, mteja anafanya mambo yake, anaingia mtandaoni bila kufuatwafuatwa. Ukizima, imesahau."

"Imesahau kabisa?"

"Hata uipigie magoti, shemeji."

Wakaanza kuziwasha hivyo. Mama Skana akala kiapo kwamba hatasoma tena kitu cha mteja, akabandika tangazo ukutani: HIFADHI KAZI YAKO KWENYE FLASHI YAKO. MASHINE HII HAIKUMBUKI. "Kama mume wangu nikimwuliza jana alikuwa wapi," alisema muuza matunda, na duka zima likacheka. Kila jioni saa kumi na mbili Mama Skana alizima swichi kuu, na asubuhi mashine ziliamka hazimjui mtu. Wateja walinung'unika, wengine wakahamia duka la ng'ambo ya barabara. Yeye alikuwa na amani.

Mume wake alikuwa fundi wa majokofu, mtu wa bisibisi, si wa kalamu. Mchana mmoja aliingia dukani, akanawa grisi, akaketi kwenye mashine namba tatu na kuanza kudonoa herufi kwa kidole kimoja. Nusu saa nzima anadonoa, mgongo wake umeziba kioo.

"Unamwandikia nani? Mke mwenzangu?" mkewe alimtania kutoka kaunta.

"Nakuandikia wewe. Acha umbeya. Kesho namalizia, unichapie kwenye karatasi nzuri."

"Basi hifadhi kwenye flashi."

"Flashi ya nini, mama? Si nakuja kesho?"

Mume akaondoka. Kulikuwa na foleni ya watu wenye fomu, na Mama Skana akasahau. Hapana, tuseme ukweli: hakusahau. Saa kumi na mbili, mkono ukiwa tayari kwenye swichi, aliona namba tatu bado iko wazi na maandishi yamo. Hakuyasoma, kwa ajili ya kiapo. Angeweza kuyahifadhi bila kuyasoma. Lakini wiki ile alikuwa amekwisha kuwapa wateja tisa somo hilohilo, akajisemea, na huyu ana nini cha zaidi, ngoja ajifunze. Akazima.

Asubuhi yake fundi wa majokofu alianguka kwenye ngazi za nyumba ya mteja, na begi la vifaa likiwa bado begani. Moyo, walisema madaktari.

Mama Skana hakulia. Watu walikaa karibu naye wakimsubiri, mwishowe wakalia wao. Alikuwa amekufa ganzi. Alikula alichopewa bila kujua kama kina chumvi, alijibu pole kwa asante, alikunja nguo za marehemu zikalingana pembe kwa pembe. Baada ya wiki mbili alirudi kazini na kuanza na vyeti. Mikono ilifanya kazi, yeye akaitazama tu. Kitu kimoja ndicho alichokitaka duniani: maandishi yale ya kidole kimoja.

Shemeji alikuja na vifaa vyake, akafungua mashine, akahangaika nayo siku mbili. Safari hii maneno yalikuwa machache.

"Hayakugusa diski, shemeji. Yalikuwa yameshikiliwa na umeme tu. Ulipozima..."

"Kwa hiyo hayapo."

"Hayapo."

"Haya," alisema Mama Skana, akamwita mteja aliyefuata.

Mwenye duka, mzee mpole ambaye hakupenda kumwona mtu akiteseka, alimweka kando. "Wateja wanatukimbia, mama. Na kitu chenyewe kimekuumiza hivi. Jumamosi shemeji yako arudishe mambo ya zamani, mashine zikumbuke. Lakini wewe ndiye unayekaa hapa. Ukikataa, sikulazimishi." Alijibu kwamba atafikiria. Hakufikiria chochote.

Jumamosi shemeji akaja, akakaa kwenye kiti cha wateja, begi mapajani. "Nianze?" aliuliza. Mama Skana alikuwa anafungua mdomo aseme anza, kwa kuwa ni neno lisilohitaji maelezo, pale mlango uliposukumwa akaingia mwalimu wa hesabu.

"Pole na msiba, mama. Nilisikia."

"Asante, mwalimu."

Mwalimu alikuwa ameikumbatia bahasha ya hospitali kifuani. "Miaka miwili napanda mabasi mawili kwenda kuskani nisikojulikana. Nimesikia mashine zenu siku hizi hazikumbuki."

"Hazikumbuki."

"Nikitoka hapa, hakuna wa kuja kuyafukua?"

"Hakuna."

"Hata fundi?"

Shemeji aliangalia viatu vyake. "Hata fundi," alisema Mama Skana.

"Hata wewe mwenyewe ukitaka?"

Printa ilimaliza karatasi moja, ikaanza nyingine.

"Hata mimi nikitaka," alisema mwishowe. "Nimeshajaribu, mwalimu."

Mwalimu hakujua alichoambiwa, lakini aliisikia ile sauti, akaifungua bahasha. Karatasi zikaskaniwa kwenye mashine namba tatu, zikatumwa. "Naomba uzime nikiwa hapa," alisema. "Nione kwa macho yangu."

Mama Skana akashika swichi, na mkono ukagoma. Maumivu yakamfikia hapo, kwa mara ya kwanza tangu msiba, yakianzia kwenye vidole vile. Alitaka kumwomba mume wake msamaha na hakuwa na pa kuuandikia. Akazima. Akahesabu mpaka kumi, akawasha, wakangoja wote watatu mpaka kioo kikaja, cheupe, hakina faili hata moja.

"Hakuna kitu," alisema mwalimu, na mabega yake yakashuka.

"Hakuna kitu," alisema Mama Skana.

Shemeji akafunga zipu ya begi lake.