Ufa wa Giaboksi

Kabla ya kuwasha moto, yule mama fundi wa kuchomelea hupapasa kwanza. Zakaria, dereva wa njia ya Banalia ambaye bila gari hana kazi, alimtazama akipitisha kidole gumba juu ya kasha la giaboksi lililopasuliwa na jiwe, taratibu, kama anayempima mtoto homa. Akapaka chaki nje, akamimina mafuta ya taa ndani, na chaki ilipolowa akaonyesha. "Bon, ufa inaishia hapa." Akatoboa tundu dogo mwisho wa ufa ili kasha lisiendelee kupasuka. Akachomelea kidogo, akangoja, akachomelea tena, huku akiimba chinichini kwa Kilingala.

"Mama, itashika kweli? Bengine banasema niitupe."

Kasha liliporudishwa garini na kujazwa oili, mama alivua kilemba chake cheupe, akakitandika sakafuni chini ya giaboksi. "Washa moteur." Injini ikanguruma kwa muda mrefu. Zakaria aliposhuka, mama alikuwa ameshakiokota. Akakikung'uta vumbi, akakifunga kichwani mbele ya wateja wote waliokuwa wakingoja zamu, cheupe pe, bila tone la oili.

"Alors, papa, enda Banalia."