Biblia Isiyofungika ya Mama Pindo

Biblia ya Mama Pindo ilikuwa haifungiki. Si kwamba ililowa, wala jalada halikuwa limechoka. Ilikuwa imeshiba. Ililala juu ya meza ya kukatia nguo ikiwa imeachama kama mtu aliyesinzia kitini, na mgeni aliyeiona alisema moyoni, mama huyu anasoma kwelikweli. Na kusoma alisoma. Lakini kilichoitunisha hivyo ni vipande vya nguo.

Mama Pindo alikuwa fundi wa nguo za kike. Jina hilo walimpa wateja, kwa sababu pindo alilolishona yeye halikufumuka. Gauni lingepauka, lingechanika kwapani, mwishowe lingegeuzwa tambara la kudekia, na pindo bado lipo, limekaza kama fundo la bahili. Chumba chake kilifungukia barabarani. Cherehani ya kukanyaga ilikaa chini ya dirisha, kioo kirefu kiliegemea ukuta, na magauni yaliyokwisha yalining'inia kwenye waya yakisubiri wenyewe. Sakafuni vilitapakaa vipande vya rangi zote.

Kila asubuhi kabla hajatia uzi kwenye sindano, alisoma kwa sauti, kidole kikifuata mstari. Akikutana na neno kali, uso ulimng'aa.

"Haya, hili la nani hili?"

Jibu halikukawia. Aliinama, akaokota kipande cha nguo ya mhusika, akakiweka palepale kama alama. Siku mhusika alipokuja kuchukua nguo yake, alipewa gauni lake, na neno lake akapewa juu, kama nyongeza.

Jumatano alasiri wanawake wa kanisa walikusanyika chumbani humo kusoma Neno. Waliingia kwa heshima, lakini macho yao yalikwenda kwanza kwenye ile Biblia, kuona ni rangi gani iliyotokeza.

"Leo bluu," mmoja angemnong'oneza mwenzake.

"Afadhali. Mimi nilishonewa kijani."

Rangi iliyozidi zote ilikuwa nyekundu. Hiyo ilikuwa ya mdogo wake, waliyetoka naye tumbo moja, ambaye watu wote walimwita Kicheko. Huyo alicheka tangu anazaliwa. Alicheka shuleni akafukuzwa darasani, alicheka sokoni akapunguziwa bei. Alipenda nguo za kung'aa, alipenda ngoma, na akikaribishwa chai alikuwa hasubiri kukaribishwa mara ya pili. Mama Pindo alimpenda sana, na kwa mapenzi hayo alimwekea vipande vyekundu tangu kitabu cha Mithali mpaka karibu na mwisho.

Sasa Kicheko, mjane wa miaka mingi, alipata mchumba. Alikuwa fundi saa, mjane naye, mtu mpole asiyesema mpaka aulizwe. Kicheko alikuja mbio na kitambaa kizuri cha rangi ya maziwa mikononi.

"Dada, nishonee gauni la harusi!"

Mama Pindo alikitazama kitambaa, akamtazama mdogo wake, akaweka mkasi chini.

"Umri wako huu, harusi yenye ngoma? Kaa nikusomee."

"Dada, nimeleta kitambaa, sikuleta masikio."

"Ndiyo kasoro yako, mdogo wangu. Masikio unayaacha nyumbani."

Siku hiyo Kicheko hakucheka. Alikunja kitambaa chake polepole, akakitia kwapani. "Nitampelekea fundi wa sokoni," alisema. "Na Jumamosi ya harusi, kama utakuja na mistari, Dada, ni heri usije."

Akaondoka. Ikapita wiki, ikapita nyingine, na kimya kikakaa kati yao. Mama Pindo alijiambia kwamba yeye amesimama kwenye kweli. Lakini mtu aliyesimama sana hata miguu humuuma, na yeye alianza kushona vibaya. Alipachika mkono wa kulia kushoto, akafumua, akaupachika tena palepale.

Alhamisi kabla ya harusi mvua ilinyesha tangu asubuhi, wateja hawakutokea. Mkwe wake, mke wa mwanawe, akaja kumsaidia kufagia. Alikuwa mwanamke mchapakazi, ulimi wake mwepesi lakini wenye adabu. Katika kuisogeza meza, akaigusa Biblia. Ikaanguka kifudifudi, na vipande vyote vikamwagika kama njugu.

"Uwii! Nisamehe, Mama."

"Taratibu, mwanangu, taratibu! Kila kimoja kina mahali pake!"

Wakapiga magoti wote wawili kuokota. Mkwe akainua kipande cha kahawia. "Hiki cha nani, Mama?"

"Cha mkewe mwenyekiti wa kamati ya ujenzi. Nilikiweka kwenye habari za yule aanzaye kujenga mnara bila kupiga hesabu. Ampelekee mumewe."

"Na hiki cheupe?"

"Cha Mchungaji. Aliniletea joho nilifupishe."

"Hata Mchungaji!"

"Yeye nilimwekea pale kijana aliposinzia dirishani mtume akihubiri, akaanguka toka ghorofani. Ajue hatari ya mahubiri marefu."

Mkwe alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akashika kipande chenye maua ya manjano, na kicheko kikakatika. "Mama. Hili si gauni langu la jikoni?"

Mama Pindo akageukia dirisha, akaitazama mvua kama aliyeagizwa kuihesabu. "Hicho... hicho cha zamani."

"Kilikuwa wapi?"

"Mithali."

"Mithali ipi, Mama?"

"Ile ya mvivu anayeambiwa amwendee chungu, yule mdudu mchapakazi. Ulikuwa umeolewa juzijuzi tu, unaamka jua limeshapanda. Nilisahau kukitoa."

"Miaka yote hii mimi na chungu!" Mkwe akakitia kipande mfukoni. "Natoka leo, Mama. Nimeshahitimu." Akaendelea kuokota, akipekua huku na huku. Halafu akauliza, wala hakuwa na nia mbaya, "Na chako kiko wapi?"

"Changu nini?"

"Kipande chako. Naona vya watu wote, hata cha Mchungaji. Vya kwako sioni."

Mama Pindo alifungua kinywa. Katika maisha yake hakuwahi kukosa neno la kumjibu mtu, hata daktari wa meno akiwa na koleo mkononi. Lakini safari hii aliokota kipande kimoja, akakirudisha palepale chini.

"Mimi ndiye fundi," alisema mwishowe.

"Fundi naye huvaa nguo, Mama," alijibu mkwe, akachukua ufagio wake.

Mvua ilipopungua mkwe akaenda zake. Mama Pindo akabaki na lundo la vipande mapajani na kitabu kisicho na alama hata moja. Kwa mara ya kwanza hakujua aanzie wapi, kwa maana vipande ndivyo vilivyomwongoza. Akakumbuka kimoja chekundu, kikubwa kuliko vyote, kilichokaa kwenye habari za mwana mpotevu. Hiyo ilikuwa habari ya Kicheko kabisa, mtoto mdogo aliyeponda mali kwa anasa. Akaitafuta, akaipata. Ukurasa ulikuwa na alama ya wekundu pale kitambaa kilipochuja.

Akasoma. Mdogo akaondoka, akatapanya, akashikwa na njaa, akarudi. Hapo ndipo alipozoea kukoma, kwa sababu kipande kilifunika maneno yaliyofuata. Leo hapakuwa na kipande. Kidole kikaendelea.

Kumbe alikuwapo na mkubwa. Alijua kuwa yupo, nani asiyejua? Lakini alikuwa hajamsoma kidole kikiwa juu yake. Mkubwa huyu alikuwa kazini. Hakuwahi kuasi, hakuwahi kuomba likizo. Alirudi jioni akasikia nyimbo na ngoma ndani ya nyumba, akauliza kuna nini, akaambiwa. Akakasirika, akasimama nje. Baba yake mwenyewe akatoka kumbembeleza aingie.

Mama Pindo akahisi shingo yake ikipata joto, kama mtu anayesemwa mbele ya watu.

Akasoma haraka ili ajue kama mkubwa aliingia. Habari ikaishia palepale mlangoni. Akafunua ukurasa wa pili, akakuta habari nyingine kabisa. Akarudi nyuma, akasoma tena polepole. Haisemi. Baba amesema la kwake, ngoma inalia ndani, na yule mkubwa bado amesimama.

"Sasa aliingia au hakuingia?" aliuliza kwa sauti.

Mbele yake kile kioo kirefu, ambacho kila siku huwaonyesha wengine mabega na viuno vyao, kikamwonyesha mama mmoja mwenye futi ya kupimia shingoni, midomo imebanwa. Akamtazama mama huyo bila kumhurumia. Ikabidi akiri. Hakukataa gauni kwa sababu ya dhambi ya Kicheko. Kuolewa si dhambi, na ngoma ya harusi hata Bwana alihudhuria. Kilichomchoma ni ile furaha yenyewe. Mama yao alipougua, Kicheko alikuja na vichekesho, akaondoka. Yeye alibaki na beseni na mashuka. Hakuna aliyemwona amechoka, kwa sababu hakumwambia mtu. Akageuza uchovu kuwa mistari, akawagawia watu.

"Ee Mungu," alisema, "kumbe habari hii nimeivaa mwenyewe, na saizi yangu kabisa."

Ajabu ni kwamba hakulia. Alicheka. Kicheko kidogo, cha puani, cha mtu aliyetafuta sindano nyumba nzima akaikuta imechomwa kifuani pake. Moyo ukawa mwepesi. Akapiga moyo konde, akachukua kasha la pini, akafunga mlango. Biblia aliiacha mezani.

Alipobisha mlangoni kwa mdogo wake, sauti ya Kicheko ikatoka ndani. "Kama ni mistari, leo hatununui!"

"Ni mimi, mdogo wangu."

"Najua ni wewe, Dada. Ndiyo maana nimesema."

Akaingia. Kicheko alikuwa amesimama juu ya kigoda, ndani ya gauni la fundi wa sokoni. Upande mmoja ulikuwa magotini, wa pili unafagia sakafu. Machozi yalikuwa karibu. Akamtazama dada yake mikononi, akashangaa.

"Biblia iko wapi?"

"Nyumbani. Leo imenisema mimi."

"Wewe? Ilikuwa zamu yako?"

"Zamu yangu ilipita siku nyingi, nilikuwa nawapisha wengine." Mama Pindo akaweka kasha la pini chini. "Mdogo wangu, nisamehe. Nilikuonea wivu, nikauita wivu huo mafundisho. Wewe ulicheka, mimi nikaosha mashuka ya mama, na sikukuambia kwamba nimechoka. Nilitaka ujue bila kuambiwa."

Kicheko aliushika ule upande mrefu wa gauni. Kisha akasema kwa sauti ndogo ambayo watu hawakuizoea, "Na mimi nilikuwa nalia, Dada. Nilipofiwa nililia. Nilikuwa nikija kwako nilie, lakini hata sijakaa umeshafunua kitabu. Nikaona heri nije ninacheka, ukose pa kunishika."

"Tangu lini?"

"Tangu lini tena! Wewe huulizi, unasoma."

Mama Pindo hakujitetea. Alipiga magoti mbele ya kigoda, maana pindo halipimwi kwa kusimama, akajaza pini mdomoni kama mafundi wafanyavyo, akaanza kulisawazisha gauni. Kicheko akaendelea kusema. Alisema habari za ujane, za nyumba inavyokuwa kimya jioni, za fundi saa aliyekuja kumtengenezea saa ya ukutani akarudi tena na tena, mpaka Kicheko ikabidi aiharibu mwenyewe ili apate sababu ya kumwita.

"Mm," alisema Mama Pindo.

"Kumbe na yeye alikuwa hamalizi kuikaza makusudi!"

"Mm! Mm!"

"Unataka kusema kitu, Dada? Huwezi. Una pini." Kicheko akatua, akatazama juu. "Mungu ashukuriwe aliyewapa watu akili ya kutengeneza pini! Leo ndiyo mara ya kwanza nimemaliza sentensi mbele ya dada yangu!"

Hapo Mama Pindo akashindwa. Kicheko kilimtoka kwa nguvu, pini zikaruka chumba kizima. Wakajikuta wote chini, bibi harusi na gauni lake la rangi ya maziwa, wanatambaa na kutafuta pini na kulia na kucheka, na jirani akachungulia mlangoni akidhani kuna msiba.

Ijumaa kutwa Mama Pindo alilifumua gauni na kulishona upya. Fundi wa sokoni hakusemwa vibaya hata mara moja, ingawa mshono wa mgongoni ulimjaribu sana.

Jumamosi, baada ya ibada, Mama Pindo alichelewa kufika ukumbini kwa sababu alirudi nyumbani kuleta uzi wa dharura. Alipokaribia mlango akasikia nyimbo na ngoma. Miguu ikasita yenyewe, kwa mazoea ya miaka. Akakumbuka yuko wapi, na nani alisimama hapo kabla yake.

"Mimi naingia," alisema, akaingia.

Akacheza. Alicheza kama mtu anayekanyaga cherehani, miguu chini inakwenda mbio, mikono mbele inasukuma kitambaa kisichoonekana. Mkwe wake alishika mbavu. Fundi saa, ambaye hakuwa amesema neno tangu kiapo, alifungua kinywa: "Shemeji anakwenda na wakati." Kicheko akapiga kigelegele kilichosikika mpaka barabarani.

Jumatano wanawake walipokusanyika, macho yao yalikwenda mezani kama kawaida. Biblia ilikuwa imefungwa vizuri. Kilitokeza kipande kimoja tu, cha kijivu chenye nukta.

"Nani ana kijivu?" walinong'onezana, kila mmoja akijikagua.

"Mimi," alisema Mama Pindo, akainua kidogo gauni lake la kanisani, wakaona alipokata ndani ya pindo. "Na kitahamahama. Mnivumilie."

Kicheko aliingia nyuma yao akihema, sketi yake aliyoinunua sokoni imefumuka ukingo, akajitupa kitini. "Haya Dada, tusomee."

Mama Pindo aliitazama Biblia, akaitazama ile sketi. Akamsukumia mdogo wake kitabu, akavuta kasha la pini.

"Leo soma wewe," alisema, akajaza mdomo, akapiga magoti kwenye pindo.