Nyuzi Nane Kati ya Mbozi na Kamsamba

Nilipojiandikisha kusoma kozi ya utangulizi wa jiografia kwa njia ya mtandao nilikuwa na miaka arobaini na mmoja, na kazi yangu ya ukarani Tunduma nilikuwa nimeifanya kwa miaka kumi na minne. Ofisi yetu inatoa mizigo mpakani. Lori likifika kutoka Dar es Salaam, mimi ndiye ninayehakikisha karatasi zake zimekamilika kabla halijavuka kuingia Zambia. Kwa hiyo majina ya miji ya mbali nilikuwa nayo tele: Lusaka, Ndola, Kitwe, Lubumbashi. Nimeyaandika mpaka mkono unayaandika wenyewe. Lakini ungeniuliza Ndola iko tambarare au mlimani, na mvua yake huanza mwezi gani, nisingekuwa na jibu. Jambo hilo lilikuwa linanikera, na sikuona sababu ya kuendelea kukereka wakati chuo kinaweza kunifikia kwenye simu.

Mwenzangu wa ofisini aliniuliza, "Hiyo jiografia itakupandisha cheo?"

"Sijui," nikamwambia. "Nataka kuijua tu."

Sikuwa na wasiwasi na masomo. Shuleni nilikuwa nafanya vizuri, na niliacha baada ya kidato cha nne kwa sababu za nyumbani, si kwa sababu ya kushindwa. Shida yangu ilikuwa kelele. Vipindi vilikuwa Jumamosi saa tatu asubuhi, na ofisi yetu imepakana na foleni ya malori. Breki za upepo zinapumua, honi zinalia, madereva wanaitana kwa Kiswahili na Kibemba. Kipindi cha kwanza sikusikia hata nusu ya yale mhadhiri aliyosema.

Jirani yetu ni mfanyabiashara wa maturubai, mzee wa Kiislamu aliyehamia Tunduma kutoka Kigoma zamani. Aliniona nimejikunyata kwenye kona ya kibaraza, nimeziba sikio moja kwa kidole.

"Dada, ingia stoo kwangu," akasema. "Turubai linakula sauti."

Ilikuwa kweli. Ndani ya stoo, katikati ya marobota yaliyopangwa hadi karibu na dari, malori yalisikika kama yako kijiji kingine. Nikaweka simu juu ya robota moja, nikakalia jingine, na hilo likawa darasa langu. Mzee alikuwa akiuza dukani huku mlango wa stoo umeachwa wazi kidogo. Baadaye niligundua kwamba alikuwa anasikiliza.

Darasani tulikuwa kama arobaini. Wengi walikuwa vijana waliomaliza kidato cha sita juzijuzi. Mhadhiri alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya chini, na alikuwa na tabia ya kutuita kwa miji yetu badala ya majina. Wiki ya tatu alifundisha tabianchi ya Tanzania. Akaweka ramani kwenye kioo cha simu, na kona yetu yote ya kusini magharibi alikuwa ameipaka rangi moja ya kijani. Pembeni iliandikwa: nyanda za juu, baridi, mvua ya kutosha.

Niliiangalia ile rangi, nikawasha maikrofoni.

"Mwalimu, naomba kusema."

"Karibu, Tunduma."

"Hiyo rangi imeimeza Kamsamba. Kamsamba iko mkoa wetu huu huu wa Songwe, lakini ni bondeni, kuelekea Ziwa Rukwa. Kule ni joto. Wanalima mpunga na kufuga ng'ombe. Huwezi kuipaka rangi moja na kwetu Mbozi, tunakolima kahawa na kuvaa sweta."

"Umeshafika Kamsamba?"

"Hapana. Mjomba wangu anaishi huko."

Mtu mmoja alicheka bila kuzima maikrofoni yake. Mhadhiri hakucheka. "Basi kazi yako ya vitendo umeshaipata," akasema. "Usiniletee habari za mjomba, niletee vipimo. Una wiki tatu."

Nilipotoka stoo, yule mzee alikuwa anakunja turubai. "Uko sawa," akaniambia. "Wateja wangu wa bonde la Kamsamba wanarudi mapema kuliko wa Mbozi. Jua la kule linakausha turubai linapasuka. Lakini na mwalimu wako yuko sawa. Nenda ukapime."

Jumamosi ile ile mchana nikaenda nyumbani kwa mama, nje kidogo ya Mlowo, huko huko Mbozi. Mama ni mjane, anaishi na kaka yangu na mkewe, na bado ndiye mwenye kauli ya mwisho katika shamba la kahawa. Nikamweleza kwamba nitashuka Kamsamba kupima joto. Nilitegemea aniulize kama chuo kimekosa kazi ya kunipa. Badala yake aliendelea kuchambua kahawa kwenye meza ya kuanikia, akitupa mbegu mbovu chini, kisha akasema, "Nitakwenda na wewe."

Nilishangaa. Mjomba ni mdogo wake, na alikuwa na miaka ishirini na sita tangu aihame Mbozi. Shamba la babu liligawanywa kati yao wawili, naye baada ya misimu miwili akaiacha mibuni yake, akashuka bondeni kulima mpunga. Mama aliihudumia mibuni ya pande zote mbili peke yake, na tangu hapo yeye na mjomba walionana misibani tu. Wakiwa msibani mama humsalimia, humwekea chakula, halafu hamsemeshi tena. Kamsamba hakuwa amekanyaga hata siku moja.

"Safari ni ndefu, mama. Kuna vumbi."

"Nimesema nitakwenda."

Tulipanga Jumatatu ya pili yake, nikaomba ruhusa kazini. Nilinunua kipimajoto kwenye duka la dawa za mifugo, na usiku wa kuamkia safari nikalala kwa mama. Asubuhi saa kumi na mbili nilikining'iniza barazani, nikasubiri robo saa, nikaandika kwenye daftari: nyuzi kumi na tatu. Simu yangu inaweza kusoma mwinuko kutoka usawa wa bahari, nikauandika pia. Kisha tukapanda basi la Kamsamba, mama kwenye kiti cha dirishani.

Barabara ilianza katikati ya mibuni na migomba. Baadaye mashamba yakapungua, msitu ukaingia, miti mifupi iliyokuwa imeanza kutoa majani mekundu kabla ya mvua. Mama alivua sweta, baadaye akafungua kilemba. Kila baada ya muda nilisoma mwinuko kwenye simu, na kila mara ulikuwa umeshuka.

"Unaandika nini?" akauliza.

"Vipimo. Nyumbani asubuhi ilikuwa kumi na tatu. Tukifika nitapima ya huko, nitoe tofauti. Nitampelekea mwalimu."

"Tutafika saa ngapi?"

"Kama saa sita, saa saba."

Mama akanitazama kama anavyomtazama mtu anayetaka kuvuna kahawa mbichi. "Saa saba hata uani kwangu kuku wanagombea kivuli. Unalinganishaje asubuhi ya kwangu na mchana wa mdogo wangu?"

Kosa lilikuwa wazi kabisa, na mhadhiri angeliona kabla hajamaliza ukurasa wa kwanza. Sikuona aibu hata hivyo. Niliona nafuu kwamba limeonekana tukiwa bado ndani ya basi. Nikakipiga mstari kile kipimo cha asubuhi, nikampigia simu wifi yangu, mke wa kaka. Wifi anafuga kuku wa nyama na ana kipimajoto cha vifaranga bandani.

"Wifi, naomba ukitoe nje kile kipimajoto. Kitundike kivulini, kwenye ukuta wa ghala, kimo cha kifua. Saa saba, saa nane na saa tisa nitumie unachokisoma."

"Na vifaranga?"

"Si umesema wameshaota manyoya?"

Alicheka, akakubali.

Mjomba alikuwa anatusubiri kituoni, maana nilikuwa nimempigia siku mbili kabla. Sikuwa nimemwambia kwamba nakuja na mama. Mama alishuka kwanza, taratibu, akishika mlango wa basi. Mjomba alisimama pale pale na kofia yake mkononi.

"Dada. Umekuja."

"Nimekuja," mama akasema. "Huku kuna jua kweli."

Kwake palikuwa na nyumba ya matofali ya kuchoma na uwanja mpana uliofagiliwa. Mpunga ulikuwa umeshavunwa na ng'ombe walikuwa wanakula mabua mashambani. Nilitundika kipimajoto upande wa ukuta usiopigwa na jua. Mjomba akaleta viti vitatu, tukakaa karibu nacho kama watu wanaosubiri mgonjwa. Saa saba nilisoma thelathini na mbili. Wifi akatuma: ishirini na tano. Saa nane thelathini na tatu, kwa wifi ishirini na sita. Mjomba alikuwa anaangalia saa yake kwa makini kuliko mimi, na mama alikuwa anamfukuza mbuzi aliyetaka kuutafuna uzi niliotundikia.

Kati ya saa nane na saa tisa ndipo mama aliposema alichokijia.

"Uliniachia mibuni yote peke yangu. Sikuulizi kwa ugomvi. Nauliza nijue."

Mjomba aliiweka kofia yake gotini. "Shamba lile, dada, lilikuwa la watu wawili kwa maneno tu. Ulikuwa na watoto wanne na mume amekufa. Kama ningebaki na nusu yangu, wanao wangekula nini?"

"Ungesema."

"Ungekubali?"

Mama aliangalia mashamba yale ya mabua, marefu mpaka macho yanachoka. "Nisingekubali," akasema.

Mimi nilikuwa nimeinamia daftari, nikijifanya naandika. Nilikuwa mmoja wa wale watoto wanne, na sikuwahi kulijua jambo hilo. Saa tisa ilipofika ni mjomba aliyenikumbusha kusoma: thelathini na tatu tena, na wifi ishirini na sita. Mke wa mjomba akaleta wali na kuku, na mama, ambaye ugenini huonja tu, aliongezewa mara mbili.

Kesho yake nilirudi peke yangu. Mama alisema atabaki wiki moja. Alibaki wiki tatu.

Nilipofika Mlowo nilikumbuka kwamba vipimajoto ni viwili tofauti. Nikavitundika ukuta mmoja, bega kwa bega, wifi akiwa shahidi. Cha kuku kilikuwa kinasoma nyuzi moja zaidi ya changu, asubuhi na mchana. Kwa hiyo ishirini na sita ya nyumbani ilikuwa kweli ishirini na tano, na tofauti haikuwa saba, ilikuwa nane. Nikaandika yote hayo kwenye ripoti, pamoja na kosa langu la asubuhi na nani aliyelisahihisha.

Jumamosi ya kuwasilisha, mzee wa maturubai alifunga duka kwa nusu saa, akaja kukaa stoo. Nilieleza kwa dakika kumi bila kutetemeka. Mhadhiri akauliza, "Tunduma, kwa mwinuko ulionipa, mtu angetegemea tofauti ya nyuzi nne au tano hivi. Zilizobaki umezitoa wapi?"

"Nadhani kuna zaidi ya sababu moja," nikajibu. "Bonde limezungukwa na kuta za milima, na upepo ukishuka unapata joto. Halafu ardhi ilikuwa imevunwa, iko wazi, kavu. Nyumbani nilipima kwenye miti mingi. Lakini sijui kila sababu imechangia kiasi gani, na siku moja haitoshi kuniambia."

"Hilo la mwisho ndilo nililotaka kulisikia," akasema. Kisha akairudisha ramani yake ya kijani. "Nchi nzima nimeiweka kwenye ukurasa mmoja. Kwa skeli hii, wilaya yako nzima ni kidole gumba. Ramani haikudanganya, ilifupisha."

"Nakubali, mwalimu. Basi pembeni iandikwe kwamba imefupisha."

Safari hii wengi walicheka, na yeye pia. Wiki iliyofuata ramani ilirudi na mstari mdogo chini yake unaosema kwamba mabonde yaliyomo ndani ya nyanda za juu hayakuonyeshwa. Mzee wa maturubai aliniomba nimwonyeshe mstari ule kwenye simu, akausoma mara mbili.

Mtihani niliufanyia Mbeya, ukumbini, pamoja na vijana wale ambao mpaka siku hiyo nilikuwa nawajua kwa sauti. Yule aliyecheka alijitambulisha mwenyewe, tukasalimiana vizuri. Maswali nilijibu yote, nikarudia kuyasoma, nikatoka muda ukiwa bado. Matokeo yalipokuja nilikuwa nimepata alama ya juu kabisa, na sikushangaa. Nilikuwa nimeifanyia kazi.

Muhula huu nimejiandikisha somo la udongo. Nilimwambia mama kwa simu, naye akaniuliza mhadhiri wa somo hilo ni mtu wa wapi. Nikamwambia ni wa mjini. Mama akasema nikikwama nimpigie yeye kwanza.